Dakika Zilizorefuka

Watu wengi wanaoingia kwenye kibanda changu hawataki saa. Wanataka bangili yenye mishale. Nawatengenezea, maana ndiyo kazi inayoniweka mjini, lakini moyoni nawacheka. Mtu anakuletea saa yenye vioo vitatu vidogo ndani ya kioo kimoja, ina mwezi, ina jua, ina siku za wiki kwa lugha asiyoijua, na ukimwuliza sasa hivi ni saa ngapi anatoa simu mfukoni.

Saa ya kazi haina maringo. Ile ninayoijua kuliko zote imekaa miaka thelathini na sita kwenye mkono wa mke wangu, na niliiunda mimi mwenyewe, kwa hiyo mkinisikia naisifia mjue nina upendeleo.

Mke wangu ni muuguzi wa wodi ya watoto. Kazini wanamwita Sista Dakika, na jina hilo hakulipata bure. Wauguzi wengine wakihesabu pumzi za mtoto huhesabu nusu dakika, wakazidisha mara mbili, wakawahi kitanda kingine. Yeye hapana. Anahesabu sekunde sitini zote, hata daktari awe amesimama nyuma yake anagongagonga kalamu kwenye faili. "Mtoto hapumui kwa hesabu za shuleni," huwa anawaambia. "Anapumua haraka, anasahau kidogo, anakumbuka tena. Hiyo nusu dakika yako inaweza kuwa ndiyo ile aliyosahau."

Mara ya kwanza kuja kibandani alikuwa binti mwembamba mwenye sare mpya, na mkononi ana saa ya kung'aa aliyozawadiwa na shangazi yake alipomaliza chuo. Ilikuwa nzuri, sikatai. Uso mweusi, mishale myembamba, namba hamna hata moja, na mshale wa sekunde hamna. Akaniambia, "Fundi, niongezee sekunde hapa." Nikamjibu kwamba haiwezekani, ni kama kumwambia fundi cherehani aongeze mikono kwenye shuka. Hakucheka. Akavuta kiti, akakaa, akasema, "Basi nitengenezee inayofaa," akaanza kuniagiza kama mtu anayeagiza kabati.

Alitaka uso mweupe na namba nyeusi, zote kumi na mbili, maana saa saba usiku akili haina nguvu ya kukisia. Mshale wa sekunde uwe mrefu mpaka uguse vistari, na vistari viwe sitini, kila kimoja peke yake. Tarehe asiione, tarehe iko ukutani. Nilipomwonyesha mkanda wa ngozi akauliza kama nimewahi kunusa ngozi inayooshwa mara arobaini kwa siku. Wa chuma nao akaukataa, eti unang'oa nywele za watoto. Tukaishia kwenye kitambaa kigumu cha kufuliwa kwa sabuni. Halafu akataka saa ya kutia ufunguo, si ya betri, kwa sababu betri inakufa bila kuaga, lakini ufunguo atautia mwenyewe kila asubuhi wakati anasubiri maji yachemke. Mimi nilichoongeza kwa akili yangu ni kimoja tu: kile kifundo cha kutilia ufunguo nilikihamishia upande wa kushoto, kisimchome kiganja anapokunja mkono.

Nikatumia saa tatu mbovu kuunda moja nzima. Siku aliyokuja kuichukua akaivaa kwa ndani ya mkono, uso wa saa juu ya mshipa. Nikamwambia dada, saa haivaliwi hivyo. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, na saa ikawa imetazama juu, mbele ya macho yake, bila yeye kugeuza chochote. Ndipo nilipoelewa. Akahesabu kimya, dakika nzima, mimi jasho linanitoka.

"Mia moja na nne," akasema. "Fundi, una homa?"

Sikuwa na homa. Baada ya miezi minane tukaoana, na mpaka leo anajigamba kwamba yeye mume wake alimpata kwa vipimo.

Tangu hapo tulikuwa na desturi yetu. Nyumbani naitwa mume wangu, kibandani naitwa fundi, na hachanganyi. Kila miezi sita anakuja, anakaa kwenye kiti cha wateja kama mteja, naifungua saa, naisafisha, naitia mafuta. Binti yetu aliwahi kumletea saa ya kisasa inayohesabu hatua na kumpongeza mtu akipanda ngazi. Mama mtu akaivaa siku mbili, akairudisha. Alisema hana haja ya kupongezwa na mkanda.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Jumatatu moja mchana aliingia kibandani moja kwa moja kutoka zamu, hata viatu vya kazi hajavua, na miezi sita ilikuwa haijatimia. Akaivua saa, akaiweka juu ya kitambaa changu cha kazi.

"Fundi, saa inaumwa."

"Inaumwa nini?"

"Dakika zake zimerefuka."

Akanieleza. Wodini kuna muuguzi mpya, binti mwenye sauti ndogo, ambaye wote wanamwita Kwichi kwa jinsi viatu vyake vinavyolia sakafuni. Kwa wiki mbili hivi, kila wakipima mtoto mmoja, hesabu hazilingani. Yeye anapata hamsini na nne, Kwichi anapata hamsini. Ingekuwa mara moja angesema ni kupitiwa. Imekuwa mara nne, na daktari ameanza kuwaangalia kwa zamu.

"Niachie mpaka jioni," nikamwambia.

Alipoondoka nikaiweka saa kwenye kile kimashine changu kinachosikiliza mapigo. Nikangoja. Inachelewa sekunde mbili kwa siku. Sekunde mbili! Kuna saa mpya dukani zinaomba kupata hizo. Nikachukua penseli, nikapiga hesabu pembeni ya gazeti. Kama kweli pumzi hamsini zinamtokea hamsini na nne, basi dakika yake ina sekunde sitini na tano. Saa inayorefusha kila dakika kwa sekunde tano inachelewa karibu masaa mawili kwa siku. Na mke wangu huyu huripoti kazini kabla mlinzi hajamaliza kufungua geti.

Saa ilikuwa nzima. Nikaweka kibano chini, na mambo niliyokuwa nimejitia hamnazo nayo yakaanza kuja yenyewe. Siku hizi ananipa mimi nitunge uzi kwenye sindano, anasema mkono umechoka. Mchele anauchambua kwa vidole, ameangalia pembeni. Majirani anawatambua wakishasema, si kabla. Chai anaimimina huku akisikiliza mlio wa kikombe kinavyojaa. Hata taa za sebuleni anaziwasha mchana kweupe, nami nikawa nazizima na kumtania kwamba anataka tufungue ukumbi wa harusi.

Alikuwa haoni pale mshale unapopita kwenye kumi na mbili. Anaanza kuhesabu sawasawa kwa mazoea, lakini kumaliza anachelewa.

Ningemwambia. Najua ningemwambia. Lakini alikuwa amebakiza mwaka na miezi minne astaafu, na mwenzake wa wodi ya jirani, mkono ulipoanza kumtetemeka, alipelekwa chumba cha mafaili. Nilikwenda na mke wangu kumsalimia huko. Mama yule alikuwa amekaa katikati ya rafu, akatuuliza mara tatu habari za wodini. Tulipotoka, mke wangu alitembea mbio mpaka getini. Nilipomfikiria yeye kwenye kile kiti, roho ikanigoma.

Basi nikafanya ufundi wa uoga. Nikautoa mshale mwekundu wa sekunde, nikauongezea unene, nikaupaka rangi nyeusi tiii. Jioni aliporudi nikamwambia, "Nimebadilisha rangi ya mshale, ile ilikuwa imechoka. Na ndani nimekuta uchafu."

"Uchafu gani?"

"Kinyuzi. Cha mkanda nadhani. Kilikuwa kinavutavuta gurudumu."

Akaniangalia muda mrefu. "Kinyuzi," akasema.

"Kinyuzi."

Akaivaa, akaukaza mkanda. "Ahsante, mume wangu," akasema, akaenda zake nyumbani kupika. Nikafurahi jinsi lilivyopita kirahisi. Masikio yangu hayakunishtua hata kidogo.

Ijumaa mchana tulikuwa mezani nyumbani tunakula. Akaanza kunisimulia ya wodini, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, huku akikatakata chakula bila kukila. Ameletwa mtoto wa miezi minne anakohoa. Kwichi amehesabu pumzi arobaini na nane, yeye hamsini na mbili. Kwa umri huo, hamsini ndiyo mpaka: chini yake mtoto anaangaliwa, juu yake anaanzishiwa sindano.

"Yule binti akasema tuhesabu tena. Mbele ya daktari! Mbele ya mama wa mtoto! Nikamwambia, saa yangu imetoka kwa fundi Jumatatu hii, na fundi wangu ana miaka arobaini kazini. Yako imetoka wapi?"

"Akasemaje?"

"Akalia. Akaenda chumba cha sindano akalia."

"Na mtoto?"

"Daktari alifuata hesabu yangu. Akachomwa."

Nikarudisha tonge sahanini. Niliwaza kipaja cha mtoto wa miezi minne na sindano inayoingia kwa sababu ya kinyuzi ambacho hakijawahi kuwepo. Leo amechomwa asiyestahili. Hiyo ilikuwa nafuu. Mshale ule ule usioonekana, siku nyingine ungeweza kumfanya mke wangu akatishe mapema, aandike arobaini na tano kwa mtoto mwenye hamsini na tatu, naye mtoto arudishwe nyumbani. Na wote wangeikubali, kwa kuwa imesemwa na Sista Dakika, na saa yake imetoka kwa fundi.

Kazi yote ya saa ile ilikuwa moja, kumfanya mtu aache kubishana, aanze kutibu. Kwa uongo wangu nilikuwa nimeiharibu kuliko maji na mchanga ambavyo vingeweza kuiharibu.

Jumamosi nikamwomba apitie kibandani. Akaja, akakaa kwenye kiti cha wateja. Nyuma ya kiti hicho, juu ukutani, kuna saa yangu kubwa ambayo naitumia kupimia nyingine zote. Nikafunga nusu mlango watu wasituingilie, nikanyoosha mkono wangu juu ya meza.

"Nihesabu," nikamwambia. "Ukianza sema, ukimaliza sema."

Akanishika kwa vidole vitatu, palepale pa siku zote. Akaiinua saa kidogo, akaielekeza dirishani kwenye mwanga, akaikaribia, akaiacha. "Haya," akasema.

Nilikuwa natazama ukuta juu ya kichwa chake. Thelathini. Arobaini na tano. Nilimwona anavyokaza macho, uso wake mzima umekunjamana kwa juhudi, na nikampenda mpaka nikaumia. Hamsini na tisa. Sitini. Sema basi, nikamwomba kimoyomoyo, sema sasa hivi. Sitini na tatu. Sitini na nne.

"Basi."

Akaniachia mkono. Hakunitajia mapigo. Aliuliza, "Imefika ngapi?"

Neno sitini lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Ni neno fupi, na lingetupa wiki nyingine ya amani.

"Sitini na tano," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Masaa mawili," akasema.

"Nini?"

"Ingekuwa ni saa, ningekuwa nachelewa masaa mawili kila siku. Unadhani hesabu hiyo mimi sikuipiga?"

"Uliipiga lini?"

"Kabla sijakuletea. Nimekuwa muuguzi miaka yote hii, nisijue mtoto wa jicho anavyoanza?"

"Sasa kama ulijua, uliileta ya nini?"

"Nilimletea fundi," akasema, na sauti yake ikaanza kukatika. "Nilikuwa naogopa. Nilitaka mtu ambaye siwezi kumbishia aniambie saa ni nzima, basi, nisipate pa kujificha. Nikaja huku kwa fundi. Nikajibiwa na mume."

Ndipo nilipokumbuka ile ahsante yake ya Jumatatu, jinsi alivyoniita.

"Na mimi nikafurahi," akaendelea. "Hiyo ndiyo inayonikera. Nilijua kinyuzi ni uongo mtupu, nikakivaa hivyohivyo. Nikaenda nacho kazini, nikamliza mtoto wa watu aliyekuwa anasema kweli, na mwingine nikamtia sindano."

Mimi ndiye niliyeanza kulia, niseme wazi. Yeye alifuatia. Mteja mmoja akachungulia juu ya nusu mlango, akaona fundi na mkewe wanalia na saa katikati yao, akasema atarudi Jumanne.

Jumatatu asubuhi alitangulia kwa msimamizi wa wauguzi kabla hajavaa aproni. Akaeleza kila kitu, hata kinyuzi, kwa hiyo sasa nafahamika hospitali nzima. Halafu akamtafuta Kwichi, akamwomba radhi mbele ya daktari yuleyule, kwa sauti ileile aliyomgombezea. Wakakaa na mafaili ya miezi miwili wakayapitia. Watoto watatu walikuwa wamepewa dawa wasizozihitaji. Hakupatikana aliyekosa dawa akizihitaji. Majina ya wale watatu aliyaandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa ili ayaone, akaenda kuonana na mama zao mmoja mmoja.

Kisha akapelekwa chumba cha mafaili, kama alivyoogopa, mpaka macho yatibiwe. Siku ya kwanza huko alivua saa akampa Kwichi.

"Nikae nayo, Sista?"

"Ufanye nayo kazi. Saa hii ukiifungia kabatini itaota kutu. Tia ufunguo kila asubuhi, na uivae kwa ndani."

Kwichi alianza kupita kibandani, viatu vinamtangulia. Nikagundua anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo saa anaivaa wa kulia, na kile kifundo nilichokihamisha kwa ajili ya mke wangu kilikuwa kinamchoma yeye kiganja. Saa ya mtu ni ya mtu. Nikakusanya mbovu nyingine tatu, nikamuundia yake, kifundo nikakirudisha kulia. Aliuliza kama inawezekana namba ziwe za bluu. Nikamwambia awe na adabu.

Mke wangu alifanyiwa jicho moja, baada ya wiki tano la pili. Kila jioni nilikuwa namtia matone, mikono yangu, inayoshika skrubu ndogo kuliko chembe ya chumvi, ikitetemeka kama ya mwizi. "Fundi gani wewe," ananiambia, "tone liko shavuni." Nikamtia tone jingine. Sikumzimia taa hata moja.

Siku moja kabla ya kurudi wodini akaja kibandani na Kwichi. Nilimkabidhi mke wangu saa yake, ambayo Kwichi aliirudisha alipopata ya kwake. Akaitazama, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akakunja uso.

"Nani kaupaka huu mshale?"

"Mimi."

"Rangi imepinda! Hapa imezidi, hapa haijafika. Nimetembea na aibu hii mkononi?"

"Niliipaka kwa haraka."

"Uliipaka kwa uongo," akasema, lakini midomo yake ilikuwa inacheka. Akaivaa kwa ndani ya mkono, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavuta mkono wangu. Kwichi akasimama pembeni yangu, macho kwenye saa ya ukutani. Nikaelewa kwa nini ameletwa. Neno langu peke yangu halikutosha tena, na nilistahili.

"Haya," akasema mke wangu.

Hakuiinua saa dirishani. Aliiacha hapohapo, akaishushia macho mara moja moja tu, kama zamani. Mimi ukutani sikuthubutu kuangalia mpaka mwisho. Nikaangalia vidole vyake vitatu.

"Basi."

Nikainua macho. Mshale ndio kwanza ulikuwa unapita kwenye kumi na mbili.

"Sitini," nikasema.

"Sitini ya fundi au sitini ya mume?"

"Ya fundi."

Akamgeukia Kwichi. Kwichi akakubali kwa kichwa. "Sitini kamili, Sista."

Mke wangu akashusha pumzi ndefu. Akasimama, akaukaza mkanda, akachukua mkoba wake. Mlangoni akasimama.

"Hujaniuliza mapigo," akasema.

"Mangapi?"

"Mia moja na nne." Akanitazama vizuri, kwa macho yote mawili, tangu nywele mpaka vidole. "Hayo ndiyo ya mume."